Baba hawezi kusema, na sisi tunagombania sahihi

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia usiku, nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu baba alazwe. Ana miaka 71. Alianguka asubuhi akivaa viatu, na tulipomfikisha hospitali tukaambiwa ni kiharusi. Upande wake wote wa kulia umepooza na tangu siku hiyo hajatamka neno la kueleweka. Hutoa sauti, na wakati mwingine hulia machozi bila sauti, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu kwa baba. Akilishwa kwa mdomo hupaliwa, ndiyo maana walimpitishia mpira puani wa kumlishia. Ameuchomoa mara mbili kwa mkono wake wa kushoto. Mara ya pili wakamfunga mkono huo kwa bendeji kwenye ukingo wa kitanda.

Juzi daktari alituita. Akasema mpira wa puani si wa kukaa nao muda mrefu, anashauri upasuaji mdogo wa kumwekea mpira unaoingia tumboni moja kwa moja. Akatoa fomu ya idhini akauliza, "Nani anamwakilisha mzee?" Tukanyamaza wote, kisha wote tukasema kwa pamoja.

Kaka yangu ndiye kifungua mimba. Anaishi mbali, na ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama. Alisema kwa simu kwamba yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho, na baba afanyiwe kila kinachowezekana. Mdogo wetu yuko upande wake. Mimi ndiye niliyekaa karibu na baba; miaka minne nimekuwa nikimpeleka kliniki ya presha. Mama yetu mzazi alifariki, na baba alioa tena miaka sita iliyopita.

Shangazi, miaka miwili iliyopita rafiki wa ujana wa baba alikuwa mahututi kwa saratani. Tulipotoka kumtazama, baba alininong'oneza ndani ya gari: "Mimi msije mkanifanyia hivi. Nikifika pale, niacheni niende." Hakuandika mahali popote. Nilipomweleza kaka, alisema nimeyatunga kwa sababu nimechoka kumuuguza. Maneno hayo yamenichoma mpaka sasa.

Daktari alijaribu kumuuliza baba mwenyewe. Alimshikia karatasi yenye picha na maandishi, akamwambia aguse jibu. Baba aliitazama tu ile karatasi. Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana uwezo wa kuamua.

Nani mwenye haki ya kutia sahihi? Nikiukataa huo mpira, nitakuwa nimemuua baba? Nikiukubali, nitakuwa nimevunja neno lake la ndani ya gari. Sitaki kufarijiwa, nataka kujua sheria inasemaje. Miwani yake bado iko kwenye mkoba wangu tangu siku alipoanguka. Kila nikitafuta kalamu, mkono wangu unaigusa.

Mtoto wa Pili


Marahaba, mwanangu. Pole kwa uuguzi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa muuguzi miaka mingi, na fomu kama hiyo nimeishika mkononi huku familia imenizunguka, kila mmoja akinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayesema nani kashinda. Kwa hiyo nakujibu kwa uzito wote unaostahili.

Umeuliza nani atie sahihi. Lipo swali linalotangulia hilo, nanyi nyote, pamoja na daktari, mmelipita mbio: je, ni kweli kwamba baba yenu hawezi kuamua?

Upande wake wa kulia ndio uliopooza, na maneno yamepotea. Hiyo ni dalili kwamba kiharusi kimeupiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yaliko makao ya lugha. Hali hiyo huitwa afasia. Mtu mwenye afasia huenda akashindwa kutamka hata jina lake na bado akajua vizuri nani anaingia, nani anatoka, na wanazungumza nini juu ya kichwa chake. Wengine hupoteza pia uwezo wa kuelewa, kwa kiasi kidogo au kikubwa, na wengi huelewa neno moja moja kuliko sentensi ndefu. Kukosa sauti na kukosa akili ni mambo mawili, na huwezi kujua baba yako yuko wapi kati ya hayo kwa kumshikia karatasi mara moja.

Sheria zilizoandikwa kwa uangalifu zinalijua hilo. Chukua ya Uingereza na Wales, Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, ambayo imekuwa mfano kwa wengi. Inaanza kwa kusema kila mtu mzima achukuliwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba asihesabiwe hawezi kabla ya kufanyiwa kila linalowezekana ili asaidiwe kuamua. Kisha inapima mambo manne: je, anaelewa anachoelezwa, anaweza kukishika akilini japo kwa muda mfupi, anaweza kukipima apate uamuzi, na anaweza kuuwasilisha uamuzi huo kwa njia yoyote ile? Sheria inasema kwa njia yoyote. Kukonyeza jicho ni njia. Kuminya mkono wa muuguzi ni njia.

Kipimo hicho, tena, ni cha jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kushindwa kuamua kuhusu kuuza shamba na akaweza kabisa kusema kama anataka mpira tumboni au hataki. Anaweza kushindwa jioni akiwa amechoka na akaweza asubuhi. Ile sentensi ya kwenye faili, "mgonjwa hana uwezo wa kuamua", bila kutaja uamuzi gani wala saa ngapi, haitoshi, na una haki ya kuomba kwa heshima kwamba apimwe upya. Omba mtaalamu wa tiba ya usemi awepo. Yeye ndiye anayejua kumuuliza mtu asiye na maneno, na ndiye huyohuyo anayepima kumeza, kwa hiyo utamhitaji mara mbili.

Sasa nije kwenye sahihi, tukichukulia kwamba amepimwa vizuri na kweli hawezi.

Hukuniambia unaandika kutoka nchi gani, na sheria zinatofautiana, kwa hiyo nitakuonyesha chache uone zinavyoelekea. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inamtanguliza mtu aliyeteuliwa na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au amri ya mahakama. Asipokuwepo hata mmoja wao, ndipo jamaa wa karibu anapoweza kutoa idhini. Afrika Kusini, Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003, kifungu cha 7, imepanga foleni kabisa: baada ya aliyeteuliwa kwa maandishi au kisheria anakuja mume, mke au mwenza, kisha mzazi, kisha babu au bibi, kisha mtoto mtu mzima, kisha kaka au dada. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mke pia yuko mbele ya watoto, na watoto wote wako daraja moja. Wakishindwa kukubaliana, uamuzi huchukuliwa na ofisi ya serikali ya mlezi wa umma. Ujerumani, kwa miaka mingi mume au mke hakuwa na mamlaka ya moja kwa moja juu ya tiba ya mwenzake. Tangu tarehe 1 Januari 2023 anayo, tena kwa dharura tu na kwa muda usiozidi miezi 6. Na Uingereza, watu wengi hushangaa kusikia kwamba kuwa mke au mtoto hakukupi mamlaka ya kukubali wala kukataa. Kama hakuna aliyeteuliwa kisheria, wataalamu huamua kwa kuangalia maslahi ya mgonjwa, na wanalazimika kuwauliza jamaa anachokipenda na anachokiamini.

Umeona kwamba sikutaja kifungua mimba hata mara moja. Hayumo. Wala hayumo anayelipa bili. Nakuomba usilichukue hili kama jiwe la kumrushia kaka yako, kwa sababu wewe uliyempeleka kliniki miaka minne humo pia. Kumuuguza mzazi ni jambo kubwa, nami nakuheshimu kwalo, lakini halimpi mtu haki ya kumwamulia.

Yupo mtu mwingine ambaye katika sheria kadhaa nilizokutajia anasimama mbele yenu wote. Umemgusa kwa maneno machache tu: baba "alioa tena". Huyo mke yuko wapi katika mkutano wenu? Daktari alipouliza nani anamwakilisha mzee, naye alisema, au hakupewa nafasi? Mtu aliyelala ubavuni mwa baba yako miaka sita amesikia mambo ambayo hayakusemwa ndani ya gari lako. Huenda anayo sentensi inayolingana na yako. Huenda anayo inayoipinga. Yote mawili unayahitaji.

Maana yeyote atakayetia sahihi, ataitia kwa niaba ya nani? Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote. Sheria haimpi mwakilishi nafasi ya kusema anachotaka yeye. Inamtaka aseme kile ambacho mgonjwa angesema. Ontario inaandika waziwazi kwamba mwakilishi anayejua matakwa ambayo mgonjwa aliyasema akiwa na uwezo, na yanayohusu hali aliyomo sasa, lazima ayafuate. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wanaoamua wajaribu kusimama mahali pa mgonjwa huyo huyo na kuuliza yeye angeitazamaje tiba hiyo. Kwa hiyo swali la kaka yako, "Nani mkubwa?", na swali lako, "Nani mwenye haki?", yote mawili yanawaangalia nyinyi. Mlete baba kwenye swali.

Basi tuyatazame maneno yake ya ndani ya gari. Ninayaamini. Kutokuandikwa hakuyafanyi kuwa bure. Nchini Marekani, Terri Schiavo wa Florida alianguka Februari 1990 akiwa na miaka 26, ubongo wake ukaumia vibaya, na hakuwa ameacha hata karatasi moja ya matakwa yake. Mumewe akasema mkewe asingetaka kuishi kwa mpira, wazazi wake wakasema angetaka. Mahakama iliyakubali maneno aliyowahi kuyasema kwa mdomo, baada ya kuyasikia kwa zaidi ya shahidi mmoja. Lakini ugomvi haukuisha. Mpira ulitolewa mara tatu na kurudishwa mara mbili, wanasiasa wakaingia, mpaka alipofariki tarehe 31 Machi 2005. Nikiikumbuka kesi ile huwawazia watu waliompenda, wamekaa pande mbili za ukumbi wa mahakama kwa miaka.

Kuna jambo moja lazima nikuambie, hata kama litakuuma. Maneno ya baba yako ni ya kweli, ila huenda si ya hali hii. Aliyasema akitoka kumwona mtu aliyekuwa anakufa kwa saratani. "Nikifika pale," alisema. Je, amefika pale? Mimi sijui, na wewe usiku huu hujui. Siku 23 baada ya kiharusi ni mapema. Wagonjwa wengi wanaopaliwa siku za kwanza hurudi kumeza baada ya wiki kadhaa. Kwa baadhi yao mpira ni daraja la kuvukia tu, na kwa wengine huwa ndiyo njia yao ya kula mpaka mwisho. Baba angekataa hilo la pili, pengine. Je, angekataa na daraja?

Na kule kuuchomoa mpira? Umenieleza kana kwamba ni jibu lake. Huenda ni jibu. Huenda pia ni pua inayowasha. Nimewaona wengi wakiuchomoa ilhali walitaka sana kuishi. Mpira wa puani unakera hata kwa mtu mwenye akili timamu. Usiufanye kuwa ushahidi, wala usimruhusu mtu aupuuze kwa kusema "kachanganyikiwa" bila kumuuliza mzee. Kuhusu kufungwa mkono sitanyamaza. Huo ndio mkono pekee unaomtii sasa, na huenda ndio ulimi wake. Uliza nani aliagiza, kwa muda gani, na kama walijaribu njia nyepesi kwanza, kama vile kumvalisha glavu nene isiyoshika mpira, au mtu kukaa naye. Waombe waufungue kila mnapokuwa naye.

Umeuliza kama ukikataa utakuwa umemuua. Sheria katika nchi nyingi hutenganisha kumuua mtu na kuacha tiba ambayo asingeitaka au isiyomfaa tena. Kulisha kwa mpira kunahesabiwa kuwa tiba. Ndivyo lilivyoamua Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka 1993 katika kesi ya Anthony Bland, kijana aliyeumia ubongo kwenye msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Na tiba iliyoanzishwa inaweza kusimamishwa. Shika hili la mwisho, mwanangu, kwa sababu linawatoa nyote kwenye kona mliyojibanza. Kaka yako anaogopa kwamba "hapana" ya leo ni kifo cha baba. Wewe unaogopa kwamba "ndiyo" ya leo ni kifungo cha maisha. Muulizeni daktari kuhusu jaribio lenye muda: alishwe kwa mpira kwa wiki kadhaa zilizotajwa, kumeza kupimwe upya, mazoezi ya usemi yaanze, na iandikwe kwenye faili tangu mwanzo mtakutana lini na mtaangalia nini ili kuamua kuendelea au kuacha. Muulizeni pia kama wa puani unaweza kusubiri kidogo, au wa tumboni ni lazima sasa, na kwa nini. Mpira wa tumboni hutolewa pale mtu anaporudi kula kwa mdomo.

Kaka yako amekuambia neno baya. Nadhani lilitoka kwenye hofu ya mtu aliye mbali, ambaye hawezi kumshika baba yake mkono na ana kitu kimoja tu cha kutoa. Hilo halimpi ruhusa ya kukutukana. Lakini jaribu hivi: usimpigie ukaanza na uamuzi. Msomee maswali. Baba alikuwa mtu wa namna gani alipougua zamani? Alikuwa anachukia nini zaidi, maumivu au kutegemea watu? Imani yake ilimfundisha nini kuhusu kufa? Kitu gani kingemfanya aone siku yake ilikuwa nzuri, hata akiwa kwenye kiti cha magurudumu? Jibuni nyote wanne, mke wa baba akiwemo, na mmoja aandike. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko sahihi ya mtu yeyote kati yenu. Omba kikao kimoja rasmi chenye daktari, muuguzi na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, kaka akiwa kwenye simu, na yatakayosemwa yaandikwe. Mkishindwa kabisa, uliza kama hospitali ina kamati ya maadili, na nyuma yake ipo mahakama. Lakini hiyo nakutajia ujue ipo, si kwamba uiendee kwanza. Na ikitokea dharura kabla hamjakubaliana, madaktari wanaruhusiwa kuokoa maisha bila kusubiri fomu, kwa hiyo kaka asikushurutishe kwa hofu hiyo.

Sasa rudi kwenye kitu ulichokiandika mwishoni, kana kwamba hakihusiani na sheria. Daktari alimwonyesha baba yako karatasi yenye picha na maandishi, akamtazama akikaa kimya, akaandika kwamba hawezi. Na miwani yake ilikuwa kwenye mkoba wako.

Kesho nenda asubuhi, kabla hajachoka. Mwombe muuguzi awepo ashuhudie. Mwinue kidogo, zimeni redio ya wodini, mfungulieni mkono wa kushoto. Mvalishe miwani yake na umpe muda iizoee pua yake. Anza na mambo ambayo jibu lake unalijua: aminye mkono wako kama wewe ni binti yake, asiuminye kama wewe ni mkewe. Swali moja, fupi, kisha usubiri. Hesabu kimyakimya mpaka kumi kabla ya kurudia. Akikosea mara kwa mara, utakuwa umejua jambo moja la maana, na mtaendelea na ile karatasi ya familia. Akipatia, mwite daktari arudi na fomu yake, naye aielekeze kwa mwenyewe.

Niandikie ukitoka huko.

Shangazi